Paka wa mtaani Kigoma: unaona nini, chanzo ni kipi, ufanye nini

Malalamiko kuhusu paka mjini Kigoma hayatofautiani sana kutoka Gungu hadi Ujiji. Wanalia usiku, wameingia darini, wanaiba dagaa waliokwisha anikwa, wamemaliza vifaranga. Dawa zinazopendekezwa nazo ni zilezile mbili: wawekewe sumu, au watiwe kwenye kiroba wakatupwe Mwandiga huko. Dawa hizo zinamwondoa paka aliyepo na kumwachia nafasi anayekuja. Paka huletwa mtaani na chakula, huongezeka kwa uzazi usiozuiwa, na hukaa pale anapopata pa kujificha. Kabla ya kushika mtego au nyundo, jiulize ni kipi kati ya hivyo vitatu ndicho kinachokusumbua.

Nimeyapanga malalamiko kama yanavyosikika barazani, isipokuwa la kwanza, ambalo halingoji zamu.

Paka ameng'ata mtu

Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usipake mawese, majivu wala mafuta ya taa. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, na kwa binadamu dalili zikishaanza hakuna tiba, kwa hiyo sindano ya kinga haisubiri kuona kama paka atakufa. Hata pasipo kichaa, jino la paka ni jembamba kama sindano: linapeleka uchafu ndani, ngozi inajifunga juu, kesho kidole kimevimba.

Paka aliyebadilika ghafla, yaani mkali anayekujia bila woga au mpole anayerukia watu, anayedondosha mate na kuyumba miguu ya nyuma, usimguse. Ondoa watoto, mpigie mwenyekiti wa mtaa au ofisa mifugo wa kata. Wengi wa paka wanaouma, hata hivyo, ni wazima kabisa. Wameuma kwa sababu mtu amewadaka kwa mikono, jambo ambalo paka asiyezoea watu halikubali hata siku moja.

"Wanalia usiku kucha kama watoto wachanga"

Kuna watu wazima na akili zao wanaoisikia sauti hiyo, wakafunga madirisha na kuanza kutaja majina ya majirani. Dua haina ubaya. Lakini anayelia pale ukutani ni jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, na wanaomjibu ni madume wanaogombana. Huko Ulaya majike hupumzika miezi ya baridi, kwa kuwa joto lao hufuata urefu wa mchana. Kigoma iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mchana wetu haubadiliki sana, na paka wetu wanaweza kuzaa mwaka mzima. Jike huanza kupata joto akiwa na miezi minne au mitano, hubeba mimba kwa wiki tisa hivi, na anaweza kushika nyingine kabla hajamaliza kunyonyesha.

Kumwagia maji kunahamisha kelele hadi kwa jirani. Kinachoikomesha ni kumfunga jike kizazi na kuwahasi madume. Jike huacha kuita karibu mara moja. Dume huchukua wiki kadhaa kutulia, na katika wiki hizo bado anaweza kutia mimba. Usije ukasema upasuaji haukushika.

"Tuliwatoa wote, baada ya miezi wamejaa tena"

Hili ndilo linalokatisha watu tamaa, na ndilo lenye maelezo marefu.

Fikiria kona moja ya mwalo wa Kibirizi, mahali dagaa wanapoanikwa. Kila asubuhi kuna dagaa waliomwagika, vichwa vya migebuka, utumbo uliotupwa chini ya mawe. Chakula hicho kinatosha idadi fulani ya paka, tuseme kumi. Paka hao wanajuana na wanafukuza wageni. Ukiwaondoa wote kumi kwa siku moja, chakula kinabaki palepale bila mwenyewe. Paka wa mitaa ya jirani wanafika, na wachache uliowakosa wanazaa, na watoto wao wanapona zaidi kwa sababu hakuna wa kugombania nao. Mwaka haujaisha umerudi kwenye kumi.

Waliotupwa Mwandiga nao wana habari zao. Baadhi hurudi kwa miguu. Wengi hufa kwa njaa, kugongwa na magari au kuraruliwa na mbwa, kwa kuwa hawajui maji yako wapi wala pa kulala. Wanaobaki wanakuwa kero ya watu wa Mwandiga, ambao siku moja nao watatafuta kiroba.

Sumu ni mbaya zaidi. Nyama yenye sumu haichagui: inaliwa na kuku, na mbwa wa mlinzi, na inaweza kuokotwa na mtoto. Paka anakufa kwa degedege na maumivu ya saa nyingi, mara nyingi juu ya dari la mtu asiyehusika. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Ujiji, ambako msikiti hauko mbali na kibaraza chochote, huhitaji hata kutaja sheria: hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula inajulikana na watoto wa madrasa. Imamu akiligusia jambo hili baada ya swala, linafika nyumba nyingi kuliko tangazo la mtaa.

Njia inayofanya kazi ni kuwakamata, kuwafunga kizazi au kuwahasi, kuwachanja kichaa cha mbwa, kisha kuwarudisha palepale walipokamatwa. Watu hukwama kwenye neno kuwarudisha. Paka aliyehasiwa anakalia nafasi yake na hazai. Anaendelea kula panya, halii, hapigani sana, na baada ya miaka yake anakufa bila kuacha mrithi. Kwenye chuo kikuu kimoja cha Orlando, jimbo la Florida nchini Marekani, kazi hii ilianza mwaka 1991. Mwaka 1996 walihesabiwa paka 68; kufikia 2002 walibaki 23. Ila tusidanganyane: karibu nusu ya paka wote wa mpango ule walichukuliwa na watu wakafugwe majumbani. Upasuaji ulizuia wapya, nyumba za watu zikapunguza waliopo. Ukikosa watu wa kuchukua watoto wa paka, tegemea kushuka kwa mwendo wa pole.

Na chakula je? Kifunike, lakini usikikate ghafla kabla ya kuwahasi. Paka wenye njaa hutawanyika nyumba hadi nyumba, na ukishawatawanya kuwakamata ni kazi mara tatu.

"Wameongezeka ghafla mwezi huu"

Angalia ziwa kwanza. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Samaki wakikatika mwaloni, paka waliokuwa wakishiba kule chini hupanda mitaani kutafuta majalala, mama lishe na mabanda ya kuku. Hapo paka hawajaongezeka, wamehama.

Miezi ya namna hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo ya kufanyia kazi. Ni kiangazi, kidonda hakilowi, na paka mwenye njaa huingia mtegoni haraka. Mvua zikishaanza na dagaa wakirudi, utamtega shume mmoja wiki nzima.

Sababu nyingine ya ongezeko la ghafla ni ndogo: mtu amehama na kuacha paka wake, au kizimba cha taka hakijazolewa.

"Paka haingii mtegoni"

Mtego unaofaa ni sanduku la waya lenye mlango unaoshuka paka anapokanyaga kibao cha ndani. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea: urefu wa sentimita 80 au 90, upana 30, kimo 35. Mfupi zaidi ya hapo mlango utamshukia mkia au mgongo. Matundu ya waya yawe madogo kiasi kwamba pua haipenyi, maana paka akishanaswa husukuma uso hadi achubuke.

Kama haingii, tazama haya kabla ya kumlaumu. Ameshiba, kwa sababu kuna mtu anamlisha. Sakafu ya mtego ni waya mtupu unaochoma nyayo, nawe hukutandika gazeti au kipande cha gunia. Mtego unayumba. Au chambo umekiweka karibu mno na mlango, akanyoosha shingo akakinyakua bila kukanyaga kibao.

Huyo anayemlisha ndiye wa kuanza naye. Katika kila mtaa yuko bibi au mama anayetupa makombo saa ileile kila jioni. Mwendee kwa adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, hawa paka ni wa kwako?"

"Wangu wapi! Nawapa tu vichwa vya samaki, wasilale njaa."

Bibi huyo anajua wako wangapi, nani kazaa, nani ana mimba, na wanatokea ukuta upi. Mwombe asiwape kitu usiku mmoja, na mtego ukae palepale anapotupia makombo. Ukimdharau, atawalisha kwa siri na mtego wako utakaa mtupu. Anaweza pia kuhofia kwamba unakwenda kuwaua, basi mweleze mapema, na paka wa kwanza akirudi mzima mpelekee amwone.

Paka mjanja mwachie mtego wazi, mlango umefungwa kwa kamba usishuke, umlishe ndani siku tatu nne. Utamwona: siku ya kwanza anazunguka nje akinusa kona zote nne. Ya pili anaingia nusu, miguu ya nyuma iko nje imejikunja tayari kuruka, anavuta dagaa mmoja na kurudi nyuma bila kugeuka. Siku anapokula ndani amekaa kitako, mkia umetulia, hapo fungua kamba. Chambo bora ni migebuka ya kukausha, harufu yake inafika mbali. Weka kidogo, kwa kuwa anakwenda kulazwa kwa dawa ya usingizi na hatakiwi tumbo lililojaa.

Mlango ukishuka atajirusha kama mwenda wazimu. Funika mtego mzima kwa khanga au shuka zito. Gizani hutulia ndani ya dakika chache. Usiuache mtego bila mtu karibu, juani ndiyo kabisa, na ndani ya bajaji uende umefunikwa vilevile.

Na kabla ya yote hayo, ongea na daktari wa mifugo. Muulize kama anapasua paka, ana dawa ya usingizi, na siku ipi anapokea. Wengi wamezoea ng'ombe na mbuzi. Paka hahasiwi kwa koleo kama beberu. Anapasuliwa amelala, na jike hufunguliwa tumbo. Mtu akikwambia atamfanyia hivihivi akiwa ameshikwa na watu wawili, shukuru na uondoke na paka wako.

Wakati bado amelala, akatwe ncha ya sikio la kushoto, kama sentimita moja, ikatike kwa mstari ulionyooka. Hiyo ndiyo alama inayoonekana kwa mbali kwamba huyu tayari, bila kumkamata tena. Dume alale usiku mmoja ndani ya mtego mahali pakavu na palipotulia, jike usiku mmoja au miwili. Jike anayenyonyesha, ambaye chuchu zake zimevimba na manyoya ya pembeni yamelika, arudishwe mara tu anapozinduka vizuri. Kuna watoto wanamsubiri mahali.

"Tumewahasi watano na bado watoto wanazaliwa"

Hesabu upya. Kama mtaa una paka ishirini, watano ni robo tu. Lengo linalokubalika ni kama asilimia 70 ya kundi, nao wakamatwe ndani ya kipindi kifupi. Ukimhasi mmoja leo na mwingine baada ya miezi miwili, mimba ya wiki tisa inakushinda mbio.

Kosa la pili ni kuanza na madume. Madume ni rahisi: upasuaji wao ni mdogo, bei nafuu, na wenyewe wana tamaa ya chambo. Lakini dume mmoja aliyebaki anatosha majike wote wa mtaa. Fedha ikiwa kidogo, ianze kwa majike. Fanyeni kona moja mpaka iishe, mwalo au soko au nyumba kumi za balozi, ndipo mhamie nyingine. Kudokoa huku na huko Mwanga, Kibirizi na Ujiji kwa pamoja kunapendeza kwenye picha za simu tu.

"Kuna kitu darini, na sasa kunanuka"

Bati limeacha nafasi ukutani, jike amepata pa kuzalia penye joto na pasipo mbwa. Mwenye nyumba anamwita fundi, tundu linazibwa mchana, mama yuko nje, watoto wako ndani. Baada ya siku nne nyumba haikaliki kwa harufu, na mama analia juu ya bati usiku kucha. Ubaya wote huu ulizuilika kwa kikombe cha unga.

Jioni nyunyiza unga wa sembe au majivu kwenye mdomo wa tundu. Asubuhi tazama nyayo: zinaingia, zinatoka, au zote mbili. Sikiliza magharibi, wakati kelele za mtaa zimepungua. Watoto wa paka hulia kwa sauti nyembamba mama anaporudi. Ukiwasikia, usizibe. Panda na uweke taa inayowaka na redio yenye sauti ya wastani karibu na walipo. Mama hapendi, na mara nyingi atawabeba mmojammoja kwa ukosi wa shingo hadi kwingine ndani ya usiku mmoja au miwili. Akigoma, subiri. Wakifikisha wiki tano wanashuka wenyewe kutafuta chakula.

Ukidhani wameondoka, sokota gazeti uliweke kwenye tundu bila kulikaza. Likikaa siku mbili bila kusukumwa, dari ni tupu. Sasa ziba kwa wavu wa chuma uliopigiliwa vizuri. Silingibodi na matambara huchanwa.

Viroboto wakibaki, tibu dari. Usimwogeshe paka kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe: dawa nyingi za kundi hilo zinamuua paka. Panado nayo inamuua, hata nusu kidonge.

"Mkojo wao unanuka ukutani"

Ni dume anayeweka mipaka. Akihasiwa, harufu kali hupungua baada ya wiki chache. Osha ukuta kwa maji mengi na sabuni, kisha siki iliyochanganywa na maji. Usimwagie dawa ya klorini juu ya mkojo mbichi, moshi wake unakera kifua.

"Wanamaliza vifaranga, wanaiba dagaa"

Hapa kuhasi hakutasaidia haraka. Paka aliyehasiwa bado anakula. Vifaranga wakae ndani ya tenga lenye kifuniko au banda la waya wa matundu madogo hadi wafikie ukubwa wa njiwa, hasa alfajiri na magharibi, saa ambazo paka huwinda. Dagaa waanikwe kwenye chanja iliyoinuliwa na kufunikwa kwa wavu, kazi inayozuia pia kunguru na mchanga. Utumbo wa samaki ufukiwe au utiwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukiona mwalo safi na paka bado wengi, muulize anayefagia anatupa wapi.

"Watoto wa paka wanakufa mmoja baada ya mwingine"

Kutapika, kuharisha na kukataa maji, kisha kifo ndani ya siku mbili tatu, mara nyingi ni ugonjwa wa virusi wa paka. Hauambukizi binadamu, lakini unakaa muda mrefu kwenye maboksi na matambara, kwa hiyo yachome. Fizi nyeupe na viroboto tele ni upungufu wa damu. Katika utafiti wa North Carolina uliochapishwa 2004, robo tatu ya watoto wa paka wasio na mwenyewe walikufa au kupotea kabla ya miezi sita. Ndiyo maana namwona mwenye kumfunga jike kizazi kuwa na huruma kuliko anayewaokota watoto kila mwezi.

Mjamzito asizoe kinyesi cha paka, maana kuna vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwingine akizoe kila siku, kwa kuwa vimelea hivyo huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kisha anawe mikono.

"Walipungua, sasa wameanza kuongezeka tena"

Tazama masikio. Ukiwaona wengi hawana alama, ni wageni, na kuna njia mbili tu walizoingilia. Wamekuja kwa miguu kufuata jalala jipya, ambalo utaliona, au wameletwa. Sokoni na kwenye mwalo watu huja usiku na boksi la watoto wa paka kwa kuamini kwamba penye samaki hawatakufa. Kumkemea mtu huyo hadharani kutamfanya atupe mbali zaidi. Mwambie alete jike wake afungwe kizazi siku ile daktari anapopasua wa mtaa, achangie anachoweza. Watoto wa chini ya wiki nane wakishikwashikwa kila siku huzoea watu na hupata nyumba kwa urahisi. Wauza nafaka sokoni wanawataka kwa ajili ya panya. Waliokwisha kua wakali usilazimishe wafugwe, watahasiwa na kurudishwa kama wenzao.

Weka daftari kwa yule bibi: rangi, jike au dume, sikio limekatwa au bado, ameonekana lini mara ya mwisho. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na halmashauri nyingi huchanja mbwa na paka karibu na tarehe hiyo. Uliza kwa mtendaji wa mtaa mapema Septemba mitego ingali mikavu, mpeleke kila asiye na alama.